Sifuri Kumi na Mbili za Murera

Kuhesabu ndiko kulikomlisha Idah Wairimu, na kuhesabu ndiko kulikokuja kumponza. Majirani zake wa Kiuu, kule Ruiru alikopanga chumba kimoja cha ghorofani, wanamjua kama mama mpole mwenye macho makali. Ukifungua kiganja chenye karanga, atakwambia ziko ngapi kabla hujakifunga tena. Shule aliiachia darasa la saba na cheti cha kuonyesha hana, lakini kwa miaka kumi na tisa macho hayo yalimlipia kodi na kumsomesha binti yake wa pekee, Emmah, hadi kidato cha nne.

Kazi yake ilikuwa ya uskauti katika shamba la waridi upande wa Thika. Asiyejua mashamba ya maua atadhani skauti ni mtu wa kuvaa skafu na kupiga saluti. Huko skauti ni yule anayeingia asubuhi kwenye grinihausi, lile banda refu la plastiki la kuoteshea maua, joto likiwa tayari limeanza kumbana kifua, akapita tuta baada ya tuta, akigeuza majani na kukung'uta maua juu ya karatasi nyeupe ili wadudu waanguke awahesabu. Hapa utitiri wanne, pale kumi na mmoja. Anaandika kwenye fomu, fomu inapelekwa ofisini, na ofisi inaamua ni grinihausi gani ipigwe dawa.

Msimamizi wake, mwanamume mmoja mkavu aitwaye Githae, alikuwa na sheria moja iliyozipita zote: fomu isiwe na pengo. Siku moja Idah aliikuta grinihausi namba tisa imepigwa dawa, bendera nyekundu mlangoni, haingiliki. Akaacha nafasi yake wazi kwenye fomu, akaendelea na kazi. Jioni Githae aliisoma ile fomu mbele ya wenzake, akaweka kidole kwenye ile nafasi, akasema pengo ni skauti aliyelala. Akamrudisha nyumbani wiki mbili. Emmah wakati huo alikuwa na miaka sita, na kwa wiki hizo mbili mama na mtoto walikunywa uji mkavu usio na sukari. Idah aliporudi kazini alikuwa amefundishika. Asipoona mdudu, aliandika sifuri. Asipoingia kabisa, pia aliandika sifuri. Githae alipita nyuma yake, akaitazama fomu iliyojaa kutoka juu hadi chini, akaitikia kwa kichwa. Kawaida ni kama sheria, na mkono wa Idah ulikuwa umeshatungiwa yake.

Shamba lilipopunguza wafanyakazi, Idah alikaa miezi minane akiuza njugu kando ya barabara ya Githurai. Ndipo jirani akamwambia kuna watafiti wanaotafuta watu wa kuhesabu konokono wa majini. Jirani alicheka mpaka akashika mbavu. Idah hakucheka, alienda kuchukua kitambulisho chake.

Mafunzo yalifanyiwa katika ukumbi mmoja mjini Thika, karibu na maporomoko ya Chania, hivi kwamba ukinyamaza unasikia maji yakinguruma nyuma ya ukuta. Mwalimu alikuwa Daktari Akoth, mwanamke mchangamfu ambaye kwa umri angeweza kuwa binti wa Idah. Aliwaeleza kuhusu kichocho cha tumbo. Mdudu wake hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka akaelea majini, na mtu akitia mguu, anapita kwenye ngozi bila kuuma wala kubisha hodi. Akishaingia hufanya makao karibu na ini, na miaka inaweza kupita mwenye mwili akidhani ana tumbo la kawaida. Watafiti walitaka kujua ni wapi kati ya Ruiru na Thika konokono hao wamejaa, kila mto, kila bwawa la kahawa, kila shimo la kwari palipochimbwa mawe. Kuhesabu kila mahali haiwezekani. Kwa hiyo wangehesabu sehemu mia moja na arobaini, kila moja kwa duru tatu, na kompyuta ingekadiria zilizobaki.

Njia hiyo ina jina lake la kitaalamu, entropia ya juu kabisa, na Akoth alipolitamka watu wote ukumbini walitazama viatu vyao. Akaliacha. Akauliza ni nani amewahi kupakua chakula matangani, na akina mama wote wakainua mikono.

Basi una sufuria moja ya githeri, aliwaambia, na watu mia tatu usiowajua. Utapakuaje? Idah alijibu kwamba utampa kila mtu sawa na mwenzake, kwa kuwa huna sababu ya kumpendelea yeyote. Akoth akafurahi. Ndivyo kompyuta yake ilivyofanya, alisema: isipojua kitu, inawagawa konokono sawasawa kila mahali, haibahatishi na haijitii ujuaji. Kisha mtu anakuja kukunong'oneza kwamba wale wa kona ile wametoka mbali na hawajala tangu jana. Unawaongezea. Mwingine anasema wale wa hema la pili wameshakula. Unawapunguzia, na wote wanaofanana nao unawapunguzia pia. Unasogea kadiri ya ulichoambiwa, wala huongezi hata hatua moja ya kwako.

"Na aliyeninong'oneza akiwa mwongo?" aliuliza Idah.

"Basi kuna watu watalala njaa," alisema Akoth, "na mimi mpakuaji sitajua."

Watu walicheka. Idah aliipenda ile kompyuta siku hiyo hiyo. Maishani mwake alikuwa amekutana na watu wengi waliosema wasichokijua, na hiki kilikuwa kitu cha kwanza alichosikia kwamba hunyamaza penye giza. Kabla hawajatawanyika, Akoth aliandika jambo la mwisho ubaoni na kulisoma mara mbili. Mahali ambapo hukufika, acha wazi. Pengo halidhuru, mashine inajua kuishi nalo. Lakini sifuri ni neno zito, maana yake nimeingia majini nusu saa nzima, nimetafuta, nikakosa. Idah alilinakili kwenye daftari lake kwa mwandiko mzuri. Sikio lilisikia, ila mkono ulikuwa na bwana mwingine.

Walimpa gambuti, vile viatu vya mpira vya kufika magotini, glavu ndefu za mpira, na wavu wenye mpini. Wakamfundisha kumtambua anayetafutwa. Yule mwenye ncha kama pembe ni tatizo la ng'ombe, mrudishe majini. Anayehesabiwa ni yule mdogo aliyejikunja bapa kama ngata ya kubebea mtungi. Kwa miezi kadhaa Idah alikuwa mtu mwenye furaha. Alihesabu chini ya maporomoko, wageni wa hoteli moja ya zamani iliyo kando yake wakimtazama kutoka kwenye meza zao za chai. Alihesabu mabwawa ya kahawa ya Ruiru. Thelathini na saba. Kumi na mbili. Tisini. Mahali pamoja alipata sifuri ya halali, na aliitolea jasho.

Sehemu zake nne nyingine zilikuwa Murera, mashimo manne ya kwari ndani ya uzio mmoja wa waya. Zamani yalikatwa mawe ya kujengea humo. Wavunja mawe walitoka kila pembe ya nchi, choo hakikuwapo, na mawe mazuri yalipokwisha, pampu ziliondolewa na maji yakapanda. Idah alipofika alimkuta mlinzi, Ndung'u, ameketi langoni na mbwa watatu. Mwenye shamba yuko Thika, alisema Ndung'u, na bila yeye haingii mtu. Labda arudi Alhamisi.

Idah alimwomba, akamwonyesha barua ya watafiti. Ndung'u aliisoma juu chini, akamrudishia.

"Mama, hiyo maji haina kitu," alisema. "Hata chura hazilii huko. Sisi wenyewe tunashangaa."

Idah aliegemea waya akachungulia. Maji ya shimo la karibu yalikuwa ya kijani, yametulia tuli, kuta za mawe zimesimama wima pande tatu. Hakuna ndege aliyetua. Upande wa nne, ambako ukingo umeporomoka, aliona njia ya miguu iliyokanyagwa ikang'aa, na juu ya jiwe moja kipande cha sabuni ya kufulia. Kwa hiyo watu walikuwa wakiingia kupitia nyuma. Aliiona ile sabuni vizuri. Kisha akatoa kalamu, akaandika sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, akamuaga Ndung'u na kuondoka.

Alikuwa Kiuu tayari, anavua gambuti, ndipo alipokumbuka maneno ya ubaoni. Angeweza kufuta. Lakini alikuwa ameandika kwa wino, na tangu zamani za Githae hakuwahi kupeleka fomu iliyochorwachorwa. Akajiambia kwamba duru ya pili ataingia mle, na kila kitu kitanyooka.

Duru ya pili lango lilikuwa na kufuli na hata Ndung'u hakuwepo. Idah alisimama pale akifikiri kwamba akiacha pengo sasa, Akoth atauliza mbona mara ya kwanza palikuwa na sifuri. Akaandika sifuri ili zifanane. Duru ya tatu hakufika kwenye waya. Aliijaza fomu akiwa ameketi kwenye kibanda cha chai, Juja, na chai yake ilikuwa bado moto alipomaliza. Nne mara tatu ni kumi na mbili. Zile za kwanza ziliandikwa na mkono uliozoea. Za mwisho aliziandika Idah mwenyewe, akijua.

Ramani ilionyeshwa katika baraza la chifu kule Murera. Palipo na konokono wengi palikuwa pekundu kama damu ya mchinjo, na rangi ilipungua hadi nyeupe. Idah aliutafuta mto Chania, akauona mwekundu kama alivyoukumbuka. Ruiru ilikuwa na madoadoa. Halafu macho yake yakaenda Murera. Alitarajia kuona vidoa vinne vyeupe. Badala yake, ukanda mzima wa kwari ulikuwa mweupe pe, mashimo thelathini na moja, hata yale ambayo hakuna binadamu aliyetumwa kuyahesabu. Kompyuta ilikuwa imeambiwa mara kumi na mbili kwamba maji yaliyosimama ndani ya mawe, yenye kina kile na jua lile, hayana konokono. Iliamini, ikawapunguzia wote wanaofanana.

Akoth alisema kwa uaminifu kwamba hayo ni makadirio, lakini nani husikia neno hilo? Watu wa afya walitangaza kwamba vidonge vya mwaka huu vitapelekwa palipo pekundu kwanza, na palipo peupe patangoja. Chifu akamsimamisha Idah, akasema huyu hapa ni mmoja wa waliohesabu maji yenu. Watu wakapiga makofi. Mtu fulani akamwita Mama wa Ramani, na jina likashika papo hapo. Nakala moja ya ramani ikagongwa misumari kwenye ukuta wa ofisi ya chifu.

Hapo ndipo angesema. Alikuwa amesimama tayari, watu wote wamenyamaza wakimngoja. Akashukuru, akaketi.

Sasa Emmah. Alikuwa na miaka ishirini na saba, ameolewa na fundi wa mabomba aitwaye Zacharia, na kwa mwaka mzima walikuwa wakitafuta shamba la kukodi walime dania na sukuma wiki. Walikuwa wamepata mawili. Moja lilikuwa kando ya mto Chania, udongo mzuri. La pili lilikuwa Murera, ndani ya uzio ule ule wa Ndung'u, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameamua kukodisha kingo za yale mashimo. Emmah alikuja Kiuu jioni moja akiwa na picha ya ramani kwenye simu, uso wote unacheka.

"Mami, hapa si ni wewe ulihesabu?"

Idah alisema ni yeye.

"Na uliona konokono?"

Chai ilikuwa inachemka. Idah aliitazama ikipanda hadi ukingoni mwa sufuria, akaiepua. Alijua alichoulizwa, na alijua kwamba jibu lake litampeleka mtoto wake upande huu au ule. Kama angesema sikuingia, Emmah angejua kwamba mama aliyemsomesha kwa kuhesabu alikuwa ameuza hesabu ya uongo. Binti huyu ndiye mtu pekee duniani aliyemwona Idah kuwa msomi.

"Sikuona," alisema.

Na ni kweli, hakuona. Mimi namwonea huruma Idah katika mengi, ila katika hilo simwonei. Emmah alimkumbatia, akampigia Zacharia simu pale pale, wakachukua shamba la Murera.

Idah alijaribu kuzunguka. Alisema Murera kuna vumbi. Alisema kanisa liko mbali. Alinunua gambuti mpya za kiume, ndizo zilizokuwa dukani, akampelekea, akasema ni zawadi, na Emmah akashukuru sana, akampa Zacharia, kwa sababu ukiingia nazo majini zinajaa zikawa nzito, na dania inataka kuoshwa mtu akiwa amesimama ndani hadi magotini. Mwezi wa kwanza Emmah alisema kwenye simu kwamba miguu inamwasha akitoka majini, labda ni mbolea. Mwezi wa tatu alikuwa na tumbo, na duka la dawa likampa za ameba. Mwezi wa nne likampa za taifodi. Kila aliposikia, Idah alisema nenda hospitali, wakuangalie vizuri. Emmah alisema atakwenda dania ikishavunwa. Idah alikata simu akakaa kitandani amejishika kichwa. Neno lilikuwa moja tu, na alikuwa amelimeza mara nyingi mpaka likawa kama jiwe tumboni mwake. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya mwenzake.

Mwezi wa tano, Jumamosi, Emmah alitaja damu chooni. Aliitaja kwa haraka, katikati ya habari za bei ya sukuma, kama kitu cha kuonea haya.

Jumapili Idah alitoka kanisani hakurudi nyumbani. Alikwenda Murera na nguo yake ya ibada, wavu umefungwa ndani ya leso. Ndung'u alimwona kutoka mbali, akafungua lango kabla hajaombwa.

"Karibu, Mama wa Ramani," alisema. "Siku hizi hapa tumekuwa wengi."

Alikuwa anasema kweli. Kingo zote nne zilikuwa kijani. Watu walikuwa wamelima hadi kwenye mawe, mabomba ya plastiki yakishuka majini kila upande, na kwenye ile njia ya nyuma nguo zilikuwa zimeanikwa juu ya vichaka. Vyura bado hawakulia.

Emmah alitoka kwenye kibanda chao cha mabati kumlaki. Alikuwa amekonda mabega, lakini tumbo limevimba kidogo, na Idah alipomshika mkono aliukuta mwepesi. Hawakuwa wameketi vizuri Emmah aliposema kuna kitu amemwekea. Akaingia ndani, akarudi na mkebe mweupe wa mafuta ya kupikia, amejaza maji, ameubeba kwa mikono miwili kwa uangalifu.

"Nilijua utafurahi, Mami," alisema. "Niliwaona tangu wiki ya kwanza, wako tu hapo kwa jiwe ya kuoshea. Nikamwambia Zacharia hawa ni wale wa ng'ombe, kwa sababu wale wabaya wewe uliwatafuta ukawakosa."

Idah alitia mkono mkavu ndani ya mkebe, bila glavu, akamtoa mmoja. Alikuwa mdogo, rangi ya kahawia, amejikunja bapa kama ngata. Akamtoa wa pili, na wa tatu. Wote walikuwa bapa. Hakutaka kuwahesabu, lakini macho yake hayakujua kazi nyingine: ishirini na watatu.

Emmah alikuwa akimtazama, bado anatabasamu, akingoja kusifiwa.

"Emmah, mimi hapa sikuingia," alisema Idah. "Lango lilifungwa. Niliandika sifuri nikiwa nje ya waya. Mara zote tatu."

Tabasamu la Emmah halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba sherehe imeahirishwa. Aliutazama mkebe, akaitazama miguu yake, akayatazama maji. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, jambo ambalo Idah atakwenda nalo kaburini.

"Nilikuuliza, Mami."

Aibu ilimshika Idah, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani ardhi immeze. Angefurahi kama angetukanwa. Emmah aliinuka, akaufunika mkebe kwa kifuniko chake, akauweka mbali na kuku, akaingia ndani na kujilaza kitandani, uso umeelekea ukutani.

Idah alimpigia Akoth simu pale pale uani, kwa kuhofia kwamba akingoja hata dakika tano ataogopa tena. Alisema yote, hata chai ya Juja. Akoth hakumgombeza. Aliuliza sifuri za namna hiyo ni ngapi, na Idah akasema kumi na mbili. Aliuliza Emmah amekaa majini kwa muda gani. Kisha akasema kesho alfajiri wampeleke hospitali Thika, vidonge vipo na vinaua mdudu, ila ini lazima lipimwe, kwa sababu ya hiyo damu na hilo tumbo.

"Na wale wengine?" aliuliza Idah.

"Mashimo ni thelathini na moja, Mama Emmah," alisema Akoth. "Ramani nitaibadilisha usiku wa leo. Lakini vidonge vya mwaka huu vimeshagawanywa, na hao watu sijui hata majina yao."

Simu ilipokatika, Idah alikaa kidogo, kisha akaenda nyuma ya kibanda akazikuta zile gambuti alizonunua yeye, zimekuwa za Zacharia. Zilikuwa kubwa kwake. Akazivaa chini ya nguo ya kanisa, akachukua wavu, akashuka kwenye lile shimo la kwanza, lile alilolichungulia mwaka uliopita. Alitazama saa. Alichota, akageuza wavu juu ya jiwe, akahesabu, akachota tena. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na hayakuwa na harufu yoyote. Nusu saa ilipoisha alikuwa amefika mia mbili na kumi na nne.

Alipoinua kichwa aliona hayuko peke yake. Ng'ambo, kwenye lile jiwe la sabuni, mama mmoja kijana alikuwa amesimama majini, sketi ameifunga mapajani, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa anafua. Alimpungia Idah mkono, akamwita kwa lile jina lake jipya, akamuuliza habari za Kiuu.

"Toka majini, mama," Idah alipaza sauti. "Hayo maji ni mabaya. Mimi ndiye niliyehesabu, na nilihesabu vibaya."

Yule mama alisita. Akamtazama Idah, mtu mzima aliyevaa nguo nzuri na gambuti za mwanamume, ameloa hadi kiunoni siku ya Jumapili, naye mwenyewe amesimama ndani ya maji yale yale. Akacheka kwa adabu, jinsi mtu anavyocheka utani asiouelewa. Akanyoosha kidole chenye povu kuelekea upande wa ofisi ya chifu.

"Lakini si imeandikwa?" alisema.

Kisha akamweka mtoto vizuri mgongoni, akainama, akaendelea kusuuza nepi.